Divai Iliyopashwa Moto

Madereva wa malori wanaolala Malaba kabla ya kuvuka kwenda Tororo wanaijua hoteli ya Mama Benedetta Apio kwa mambo mawili: maharagwe yake, ambayo sijaona mengine ya kuyashinda, na ukali wake kwa mtu anayetikisa chupa. Turnboy, yule msaidizi wa dereva, akianza kuchezea soda mezani, Benedetta hutoka jikoni na mwiko mkononi.

"Wewe! Weka hiyo chupa chini. Hiyo ni ngoma?"

Wageni hudhani mama ana kichaa kidogo. Sisi tuliomjua tangu alipokuwa misheni tunajua ukali huo ulikotoka, na kwa kuwa yeye mwenyewe hukisimulia kisa chenyewe huku akicheka, sioni kwa nini nisikisimulie na mimi. Nina haki. Nilikuwepo siku hiyo, na njaa niliyoivumilia bado naikumbuka vizuri.

Benedetta ni Mteso wa kutoka upande wa Kakapel. Aliolewa na Echodu, kibarua wa reli, ambaye homa ya mapafu ilimchukua wakiwa na mabinti wawili wadogo. Ndugu wa mume wakataka kumrithi. Yeye akawaambia kwamba hatarithiwa na mtu, akambeba mtoto mmoja mgongoni, akamshika mwingine mkono, chungu chake cha pombe akakitia kichwani, akatembea mpaka misheni. Padri Nicholas, Mwitaliano mrefu ambaye ndevu zake siku hizo zilikuwa bado nyekundu, akamwuliza anajua kazi gani.

"Najua kutengeneza pombe, Fadha."

Padri alicheka mpaka akajishikiza mlangoni. Kisha akampa jiko la misheni na chumba nyuma yake. Wale ndugu wa mume walipokuja kumdai, Padri aliwapa maneno ambayo Okiror, katekista wake, alikataa katakata kuyatafsiri. Hawakurudi tena. Wale mabinti walisoma hapo hapo misheni, na Benedetta hakuwahi kumficha mtu kwamba yule mzungu ndiye aliyemtoa shimoni.

Pombe hakuiacha. Jumamosi mchana, kazi za jikoni zikiisha, wazee walikusanyika uani kwake kukizunguka chungu cha ajon, pombe yetu ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Benedetta alikuwa na utaratibu wake na hakuna aliyethubutu kuuvunja. Kwanza aliikoroga pombe kuanzia chini kabisa ili machicha yapande, maana nguvu imelala huko chini. Halafu alimimina maji ya moto. Ajon ya baridi haipewi mzee. Mzee akipewa ya baridi anajua amefukuzwa kwa adabu. Mgeni apitaye, huyo anapikiwa chai, anakunywa, anashukuru na kwenda zake. Lakini mzee wa nyumba anapashiwa moto. Padri Nicholas aliketi nao mara nyingi, akiwa na kikombe chake cha chai, kwa sababu tumbo lake halikuelewana na wimbi.

Basi mwaka wa 1964 ulipofika, Padri alitimiza miaka ishirini na mitano ya upadre. Moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua, daktari wa Kisumu akasema arudi kwao apumzike. Ikaamuliwa tumfanyie jubilei na kumuaga siku hiyo hiyo, ili watu wachinje mara moja tu.

Jioni ya kuamkia sikukuu, Padri alimwita Benedetta kwenye stoo ya misheni. Nyuma ya magunia ya mahindi kulikuwa na sanduku lenye majani makavu, na ndani yake chupa moja imelala kwa ubavu. Benedetta alikuwa akiipangusa vumbi kila Pasaka bila kuuliza. Padri akamweleza. Baba yake alikuwa na shamba dogo la zabibu milimani, kaskazini mwa Italia. Mwaka ambao Nicholas alipata upadre, mzee aliweka kando chupa chache za divai nyekundu ya mavuno yale, akasema zisifunguliwe mapema, ziachwe zikue. Nyingine zililiwa na vita. Baba mwenyewe alikufa wakati wa vita hivyo hivyo, na mwanawe hakupata hata kumzika. Hiyo ilikuwa chupa ya mwisho iliyojazwa na mkono wake.

"Kesho baada ya chakula tutainywa hii," Padri akasema. "Mimi, Okiror, na stesheni masta. Na wewe utatumiminia, Benedetta. Kesho asubuhi nitakuonyesha namna."

Benedetta alitoka pale kifua kimemjaa. Kati ya watu wote, yeye! Usingizi ulimpata kwa shida.

Asubuhi ilipofika, Padri hakuonekana. Watu walikuwa wamejipanga kanisani kuungama kwake mara ya mwisho; nadhani wengine walikuwa wameziweka dhambi zao akiba kwa ajili ya siku hiyo. Benedetta alingoja. Alingoja tena. Lakini Benedetta si mtu wa kungoja kuonyeshwa kinywaji. Aliitazama ile chupa kwenye mwanga wa mlango, akaona imefanya utando mweusi ubavuni, uzito wote umelala upande mmoja. Akasikitika. Maskini, imelala miaka hii yote bila mtu kuikoroga!

Akatoka nayo nyuma ya jiko, akaishika kwa mikono miwili, akaipindua kichwa chini, miguu juu, akaitikisa. Aliitikisa kwa mapenzi na bila haraka, mpaka ule utando wote ukaachia na divai ikawa nyeusi moja. Kisha, pale mlangoni pa jiko, akaitia kwenye sufuria ya maji ya moto, si ya kuchemka, ya kiasi cha kumwogesha mtoto. Akarudi kwenye mchele wake akiimba.

Hivyo ndivyo stesheni masta alivyomkuta. Alikuwa Mgoa mwembamba, mtanashati, Mkatoliki wa kila Jumapili, na alikuja mapema kuleta glasi zake nzuri na kizibuo, kwa kuwa misheni walinywea vikombe vya bati. Akaweka glasi mezani. Akaona sufuria. Akaona shingo ya chupa imechomoza majini.

"Mama! Umefanya nini hapa?"

"Napasha, boss. Nimeshakoroga."

Stesheni masta alikaa kwenye gunia la viazi na suruali yake nyeupe. Benedetta anasema hapo ndipo alipojua mambo yameharibika, kwa sababu mtu yule hakuwa wa kukaa kwenye gunia. Akamweleza polepole. Divai ya umri ule huacha mashapo, na mashapo yale ni machungu. Nguvu haiko humo, uzuri hauko humo. Inatakiwa isimamishwe taratibu mapema, itulie, imiminwe bila kushtushwa, na yale ya chini yaachwe chupani. Ikitibuka inakuwa tope. Tena joto linaiumiza.

"Hiyo sasa ni uchafu tu, mama. Itakwaruza koo."

Benedetta aliopoa ile chupa kana kwamba ni mtoto aliyeanguka kisimani. Kilichomuuma si aibu, ingawa aibu ilikuwepo. Kilichomuuma ni kwamba mtu aliyemwokoa yeye na watoto wake alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu kutoka mkono wa baba yake, akamkabidhi yeye, na yeye amekiharibu kabla kengele ya Misa haijalia. Alilia hapo hapo, wazi wazi, na stesheni masta akampa leso yake.

"Inaweza kutulia tena?" akauliza.

"Inaweza. Ikiachwa mpaka kesho."

"Ikiachwa mpaka saa tisa?"

Stesheni masta alifikiri. Akasema labda, labda, mashapo mazito yatashuka. Lakini chakula kimepangwa saa saba, na divai ni mara tu baada ya chakula. Benedetta akafuta machozi. Akaisimamisha chupa stoo kwenye mchanga wenye majimaji, kando ya mtungi wa maji, mahali pa baridi kuliko pote pale misheni. Akafunga mlango, akaweka ufunguo kifuani, akaenda Misa. Huko hakusikia injili wala mahubiri. Alikuwa akifikiri juu ya Phanuel Ojiambo.

Na hapa ndipo mateso yangu yanapoanzia. Mzee Phanuel, Msamia wa Namboboto, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, Mwanglikana asiyegusa pombe, mtu mwema, na mtu wa hotuba. Kuna mazishi ambayo alihutubia hadi wachimba kaburi wakaenda nyumbani, wakala, wakarudi, wakamkuta bado yuko kwenye utoto wa marehemu. Kwa hiyo kamati ya jubilei ilikuwa imemwonya: salamu fupi tu, Mzee, halafu tule. Akakubali kwa uso wa mtu aliyeonewa.

Misa ilipokwisha na Padri akawa ameshawapa watu mkono, Benedetta alimdaka Phanuel mlangoni.

"Mzee Phanuel, leo usikatize maneno. Sema yote uliyo nayo. Watu wanataka kusikia."

Phanuel alimtazama, macho yakang'aa. "Hata wewe, mama?" Akavuta koti lake vizuri. "Sawa. Nitasema."

Benedetta hakuuliza "hata wewe" ilimaanisha nini. Alikimbilia jikoni kuwaambia wanawake wapunguze moto chini ya nyama.

Jamani. Phanuel alianza na kuja kwa reli. Akaileta reli kituo kwa kituo kutoka pwani mpaka Malaba, na sisi tumekaa chini ya turubai, harufu ya mchuzi ikitupitia puani. Akaja kwenye mafuriko ya Nzoia, jinsi Padri alivyowapelekea watu wa Budalang'i mahindi kwa mtumbwi, na mtumbwi ukazama, na Padri akatolewa majini kwa ndevu. Hapo tulicheka, nakubali. Akataja kila mtu aliyetoa gunia la simiti kwa ajili ya shule, na baba zao. Alipofikia "kwa hayo machache" sisi tukainua matako kwenye mabenchi, tayari. Ghafla, kutoka mlango wa jikoni, vigelegele! Ni Benedetta. Wanawake wengine wakapokea. Phanuel akadhani ni kwa ajili yake, akanywa maji, akaanza upya na historia ya kisima.

Nikamtazama Padri, nikijua yeye hapendi maneno mengi na angemkata. Padri alikuwa ametulia kitini, anatabasamu. Kisima kilipokwisha, akainua mkono.

"Mzee Phanuel, umesahau paa la kanisa lilivyong'olewa na upepo."

Ningekuwa na jiwe karibu, Mungu ananijua. Phanuel akaling'oa lile paa, bati kwa bati, kisha akalirudisha.

Tulikula wakati jua limeshageuka, na tulikula kwa ukimya wa hasira. Wakati huo Benedetta na stesheni masta walikuwa wamejifungia stoo. Stesheni masta aliwasha mshumaa, akaushika nyuma ya chupa. Mwanga ukapita. Juu divai ilikuwa imerudi kuwa safi. Chini kulikuwa na tabaka jeusi limejikusanya. Akazibua kizibo taratibu, kikatoka kimelegea na kulowa, bila kishindo.

"Mimina wewe," akasema. "Mimi mkono wangu unatetemeka."

"Na wangu?"

"Wewe ndiye uliyeambiwa."

Benedetta alivuta pumzi, akaiinamisha chupa juu ya jagi la kioo la altare walilokuwa wameliazima kwa masista. Ilitoka uzi mwembamba, mwekundu, lakini si mwekundu wa divai ya Misa. Ulikuwa wa tofali la zamani, ukingoni ukipauka kama chai ya rangi. Alimimina mfululizo bila kusimama, macho kwenye mshumaa, mpaka alipoona kijistari cheusi kinasogea kuelekea shingoni. Akasimamisha. Yalibaki chupani mafunda kadhaa, zaidi ya ambayo yangebaki kama angeiacha ilivyokuwa. Lakini ndani ya jagi mlikuwa safi kabisa, na Benedetta akaketi sakafuni. Anasema alipumua kama aliyetua mzigo wa kuni.

Walikaa chumba cha Padri, mlango wazi. Mimi nilikuwa barazani nikimalizia mfupa, ndiyo maana nayajua haya. Benedetta alimimina kidogo kwenye kila glasi, stesheni masta akiwaonyesha: usijaze, izungushe polepole, nusa kwanza, usimeze haraka. Katekista Okiror aliitazama glasi yake pande zote.

"Mrija uko wapi?"

"Hapana mrija, Mzee."

Okiror akanywa. Akakunja uso. "Ni chachu. Haina nguvu hii." Wote wakangoja. Okiror akalamba midomo, akainua kidole kimoja. "Ngoja. Nimeshameza, lakini bado iko. Inarudi. Sasa ni kama udongo mvua ikianza. Sasa ni kama tumbaku ya baba yangu." Akanywa tena, safari hii macho kayafumba.

Padri alikuwa bado hajaonja. Alishika glasi chini ya pua kwa muda mrefu. Hatimaye akanywa kidogo, na machozi yakamshuka mpaka ndani ya ndevu. Benedetta akadhani huo ndio mwisho wake yeye.

"Ni mbaya, Fadha?"

"Ni nyumbani," Padri akasema. "Ni stoo ya divai ya baba yangu."

Benedetta hakuweza kubeba zaidi. Akapiga magoti pale na jagi lake mkononi, akatapika yote: kuitikisa, sufuria, mchanga, vigelegele, na Mzee Phanuel aliyechochewa kuhutubia. Okiror alifungua mdomo wazi. Padri alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuona," akasema. "Kwa dirisha la sakristia, nikivaa kwa ajili ya Misa. Unafikiri wewe peke yako ulimwambia Phanuel aseme yote?"

Stesheni masta alianza kucheka kwanza. Halafu Okiror. Barazani, mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu watu wawili wa kulaumiwa badala ya mmoja. Phanuel mwenyewe, aliyekuwa uani na kikombe chake cha chai, aliwapungia mkono akiamini wanaikumbuka hotuba.

"Kwa nini hukunikemea, Fadha?"

"Nilitaka. Nilikuwa na hasira, Mungu anisamehe, nimeingia altareni na hasira. Chupa ya baba yangu! Nilitaka kuacha Misa nije nikuulize wewe ni mwanamke wa namna gani." Padri akaweka glasi chini. "Halafu nikakumbuka sufuria. Nikajiuliza, anapasha ya nini? Benedetta, miaka yote hii nimekaa kwenu na kikombe cha chai. Nimebatiza, nimezika, nimejenga, na kila Jumamosi nilikaa kwenye chungu chenu nikijiuliza kama mimi ni mtu wa hapa au ni mgeni aliyechelewa kuondoka. Sikuwa na mtu wa kumwuliza. Leo nikaona kwa dirisha unanipashia moto."

Benedetta alifunika uso na khanga yake. Padri akamwinua, akamkalisha kwenye kiti, akachukua glasi ya nne ambayo hakuna aliyekuwa ameifikiria, akammiminia yeye mwenyewe.

"Kunywa polepole," akasema. "Baba yangu angetaka kujua unaionaje."

Benedetta akanywa. Ilikuwa baridi kidogo, akaona ingefaa ipashwe, na akalisema hilo bila woga wowote.